"Get" ina maana ngapi jamani? Naombeni msaada

Swali
Wadau habari zenu. Najifunza Kiingereza mwenyewe, sasa hili neno "get" limenishinda. Nilishika kwamba get ni kupata, nikaona nimemaliza. Juzi nasoma hadithi nakuta "she got fired", nikaandika kwenye daftari "alipata kufukuzwa", nageuza ukurasa nakuta "it's getting dark", nikabaki nimekodoa macho, giza linapata nini? Halafu kuna "I got home", "get up", "I don't get it". Kuna kanuni au ni kukariri moja moja?

Jibu 1
Pole ndugu, wengi tumepita hapo. Kwanza hiyo "alipata kufukuzwa" ifute, manake kwa Kiswahili hapo umesema aliwahi kufukuzwa siku moja huko nyuma, kama tunavyosema nilipata kusikia. Yule wa kwenye hadithi kafukuzwa kazi, basi.

Mi kilichonisaidia ni kuacha kuitazama get yenyewe na kutazama kinachoifuata. Ikifuatwa na kitu, a job, a letter, hapo ndo kupata au kupokea. Ikifuatwa na mahali ni kufika. Ikifuatwa na fired, paid, robbed, hiyo ni ile -wa yetu ya mwishoni: fukuzwa, lipwa, ibiwa. Ila panapochanganya watu ni kwenye sifa, tired, wet, old, angry. Get hapo inaonyesha hali inabadilika, na Kiswahili hakihitaji neno la pembeni kwa sababu mabadiliko yenyewe yamo ndani ya kitenzi: choka, lowa, zeeka, kasirika. Mwingereza anatumia maneno mawili, sisi moja linatosha. Na hilo giza lako "linaingia" tu.

Jibu 2
Naongezea kwa mkuu hapo juu. "I don't get it" isikutishe, mbona hata sisi tunaulizana "umenipata?" na mtu anajibu "nimekupata", ni kuelewa huko. Kwa hiyo kupata usiitupe kabisa. Tena na yenyewe ina mambo yake, mwambie mgeni "kisu hiki hakipati" uone kama hatauliza hakipati nini, kumbe ni butu.

Jibu 3
Zile zenye up, along, over, rid of kariri kama neno zima, usizikate vipande. Get up ni kuamka au kuinuka, get along kuelewana, get over a cold ni kupona mafua, get rid of ni kuondoa kitu usichokitaka.

Kingine, ukisoma maandishi ya Marekani utakuta "gotten", usidhani ni makosa. Kwao "I've got a car" ni nina gari, "I've gotten a car" ni nimepata gari, linatoka kutokuwepo hadi kuwepo. Uingereza wengi wanaandika got tu.

Muuliza swali
Asanteni sana, nimerudi kwenye daftari nimefuta karibu ukurasa mzima. Kuna moja bado, "he got his feet wet", mvua ilikuwa inanyesha kwenye hadithi. Nimeandika "alilowa miguu". Iko sawa?

Jibu 1
Hiyo hiyo.