Fantasia: kipaji cha mhusika wangu kinamaliza kila tatizo, nikiwekee mipaka vipi?

Shangani_Mtwara
Wakuu, habari za jioni. Naandika riwaya ya fantasia yenye mazingira ya huku kwetu, kati ya Kilwa na Ruvuma, kwa mfano wa Kilwa ya kabla ya Wareno. Mhusika mkuu ni binti mchonga vinyago. Akikipulizia kinyago pumzi, kinaamka na kumtii. Nimefika maneno 40,000 nimekwama: kila akibanwa anaamsha kinyago, anatoka. Wanaonisomea mswada wanasema kuanzia sura ya nne hawamhofii tena. Wanalalamikia na safari zake: leo Kilwa, kesho Mikindani. Narekebishaje bila kufumua yote?

Mti_Mweusi
Usimletee adui mwenye nguvu zaidi. Utalazimika kumwongezea na binti, na mtapandishana hivyo mpaka kitabu kiishe. Punguza mali ghafi.

Mpingo, mti wa kuchongea vinyago, unao tayari huko kwenu, utumie ulivyo. Huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa. Kinachotafutwa ni moyo mweusi. Sehemu nyeupe ya nje huondolewa kwa tezo, kishoka cha kuchongea. Gogo bichi likiachwa juani hupasuka, na ufa huanzia kwenye ncha. Tena ni mzito kuliko maji, unazama.

Sheria zako zitoke humo. Kinyago kiamke mara moja tu, kisha kiwe kuni. Kitokane na moyo wa mti. Chenye ufa kiamke lakini kitii nusu, naye asijue ni nusu ipi. Hapo hofu itarudi yenyewe. Mtumbwi ukipinduka Ruvuma, vinyago vyote viko chini ya mto. Na kuchonga kuna hatua: tezo kutoa umbo, patasi, tupa, msasa. Hakuna anayemaliza hayo huku anakimbizwa, kwa hiyo akibanwa anacho kile alichobeba tu. Mpe vinyago 5 mwanzoni, vihesabike mbele ya msomaji. Kwenye kilele abaki na 1, chenye ufa.

Gharama nayo iguse anachokitaka. Kuchoka au kutoka damu puani hakumgharimu kitu, maana akilala anaamka mzima. Kama anamtafuta mama yake, kila pumzi anayotoa imfutie kumbukumbu moja ya mama huyo. Kumbukumbu hizo ziandike pembeni kabla ya kuendelea, usije ukamfanya akumbuke sura ya 12 kitu alichokipoteza sura ya 7.

Huna haja ya kufumua. Rudi sura tatu za mwanzo, mwonyeshe msomaji sheria ikifanya kazi mara moja na ikigoma mara moja, kwa jambo dogo tu, kabla haijaokoa uhai wa mtu. Kisha futa kila kinyago kilichoamshwa bila sababu. Utasikia uchungu, ila futa.

Tanga_na_Demani
Kwenye safari, muulize upepo. Kaskazi huvuma Novemba hadi Machi, kusi huanza Aprili mpaka Septemba hivi. Jahazi hushuka Kilwa kwenda Mikindani kwa kaskazi, hurudi kwa kusi. Ni kama maili 90 za baharini; kwa mwendo wa maili 5 kwa saa ni saa 18, upepo ukiwa mzuri. Akiikosa kaskazi ya mwisho, ama akwame miezi ama atembee. Mtu mwenye mzigo mpe kilomita 20 hadi 25 kwa siku, na masika mpunguzie: atakuta mito ya Mbwemkuru na Lukuledi imejaa. Chora jedwali la safu tatu: sura, mwezi, upepo. Nusu ya malalamiko itaisha hapo.

Na chakula! Kama ni kabla ya Wareno, hakuna korosho, muhogo wala mahindi. Vyote asili yake ni Amerika. Walishe mtama, mchele, nazi na samaki. Fantasia inaruhusu kuvunja hili, lakini livunje kwa makusudi.

Shangani_Mtwara
Hilo la korosho limenishika, sura ya kwanza nzima iko mkorosheni! Mkuu Mti_Mweusi, habari ya kumbukumbu naichukua. Swali la nyongeza: naweza kuingiza mapiko, ngoma ya barakoa ya Wamakonde, na unyago?

Bibi_wa_Newala
Mwanangu, siri za jando na unyago ziache kwa wenyewe. Chukua umbile la mambo: kutengwa, mwalimu mkali, kurudi na jina jipya. Siri zenyewe tunga zako. Ngoma ya mapiko inayochezwa hadharani unaweza kuieleza jinsi watazamaji wanavyoiona; usimvue mchezaji kinyago chake mbele ya msomaji.

Tena uchongaji kwa mila ya Wamakonde ni kazi ya wanaume, na wewe umempa binti tezo bila mtu yeyote kushtuka. Nani alimfundisha? Anachongea wapi asionekane? Mlio wa tezo kwenye gogo husikika mbali. Hapo una sura mbili hujaziandika.

Mti_Mweusi
Naunga mkono. Na vile vinyago vya Kimakonde vya mtindo wa shetani, vyenye maumbo ya mizimu, ni vya karne ya 20, kwa hiyo maumbo ya vinyago vyake yabuni upya.