Ulinganisho: jaketi la manyoya, jaketi la mvua au koti la sufu? Kwa tunaokwenda kazini na baiskeli wakati wa baridi kali

Kigurudumu (mwanzisha mada)

Habari za humu ndani wakuu.

Kazini kwangu ni kilomita 7, dakika 25 hivi nikienda bila papara. Sina nia ya kuacha baiskeli kwa sababu ya baridi, lakini msimu uliopita ulinikomesha. Ofisini hakuna bafu, na siwezi kuingia kwenye kikao nimebanwa na nguo za mashindano kama natoka mbioni.

Nilikuwa navaa jaketi nene la manyoya ya bata. Nikitoka nyumbani raha mustarehe. Kilomita ya tatu mgongo chapachapa, na nikisimama kwenye taa nyekundu lile jasho linageuka maji ya friji. Vidole ndiyo usiseme. Siku moja nimefika mlangoni, ufunguo uko tunduni, vidole vinakataa kuuzungusha. Nikaushika kwa viganja viwili kama mtoto anayeshika kikombe, mpaka mlinzi akaja kunifungulia huku anacheka.

Nataka kununua upya na nina njia tatu mbele yangu. Kwanza, nibaki na manyoya lakini jembamba zaidi. Pili, jaketi jembamba lisilopitisha maji, ndani nivae nguo mbili tatu. Tatu, koti refu la sufu la kawaida, lile la kuvaa na suruali ya kitambaa, mvua ikija najifunika poncho. Wenye uzoefu naombeni mwongozo, ila nisionekane kituko.

Nawasilisha.

Mzee_wa_Cheni

Mkuu, wewe unavaa kwa ajili ya mlangoni. Vaa kwa ajili ya dakika ya kumi. Ukitoka nje ukajisikia vizuri kabisa, ujue umezidisha nguo moja. Dakika tano za kwanza lazima uone baridi kidogo, halafu miguu inawasha jiko lenyewe.

Kitu ambacho wengi hawakipigii hesabu ni upepo unaojitengenezea mwenyewe. Nje kukiwa nyuzi 0, ukienda kilomita 20 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapigwa kama vile ni karibu nyuzi 5 chini ya sifuri. Ikiwa nyuzi 5 chini ya sifuri, inakuwa kama 12 chini. Na upepo huo unakuja mbele tu. Mgongo wako hauujui, ndiyo maana unatoka jasho nyuma huku kifua kinaganda. Zamani wapanda baiskeli wa mashindano walikuwa wakifika kileleni mwa mlima wanaingiza gazeti kifuani kabla ya kuteremka. Gazeti tu! Akili ni ileile: ziba mbele, acha nyuma ipumue.

Kwa hiyo manyoya kwangu hapana. Manyoya ya bata ni ya mtu aliyesimama kituoni anasubiri basi. Yakilowa, iwe mvua au jasho, yanashikamana, hewa iliyokuwa inatunza joto inatoka, unabaki umebeba mfuko uliolegea.

Ndani vaa fulana ya mikono mirefu ya sufu ya merino. Nyuzi zake ni nyembamba kiasi kwamba haziwashi kama sweta la bibi, na inaweza kunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaona kwamba imelowa. Halafu hainuki. Mimi navaa moja siku tatu na mke wangu hajalalamika, na mke wangu ni mtu wa kulalamika.

Bi_Tausi

Mzee wangu umenena, ila mwenzetu ameuliza pia asionekane kituko, na hapo naona mmemkimbia.

Mimi ni mtu wa koti la sufu, mwaka wa sita huu. Sufu nzito iliyosukwa kwa kushikana inavumilia manyunyu kwa muda wa kutosha, matone yanakaa juu unayakung'uta mlangoni. Unavua koti, unalitundika, umeshavaa tayari kwa kazi. Hakuna kubadilisha nguo chooni umesimama mguu mmoja.

Masharti yake ni haya. Koti lisivuke goti, na liwe na mpasuo nyuma, la sivyo ukikaa kwenye tandiko linakuvuta mabega. Mikono iwe mirefu kupita unavyodhani, maana ukishika usukani inapanda na kiganja kinabaki uchi kwenye kiungo. Na baiskeli yako iwe ya kukaa wima. Ukiwa na ile ya kuinama, koti la sufu litakuaibisha. Baiskeli nyingi za Kiholanzi zinakuja na kinga ya koti, kile kitambaa au plastiki inayofunika nusu ya juu ya gurudumu la nyuma, pamoja na kasha linalofunika cheni nzima. Wale hawakubuni nguo za baiskeli, walibuni baiskeli ya kuvalia nguo. Kama yako haina, nunua madigadi marefu kabla hujanunua koti lolote. Mvua ya juu inalowesha mara moja, ya tairi inakulowesha njia nzima hata kama mawingu yameshaondoka.

Sketi ndefu naivaa pia, chini yake taiti ya sufu. Wanaume hamjui mnachokosa.

Fundi_Pampu

Dada Tausi, heshima yako, lakini mvua ya kweli ikishuka nusu saa koti hilo linakuwa na uzito wa kondoo mzima, na halikauki hadi kesho. Mimi nasimama na namba mbili.

Ila wakuu tusidanganyane kuhusu neno "linapumua". Ule utando maarufu wa Gore-Tex ulianza 1969, Bob Gore alipoivuta ghafla fimbo ya PTFE (plastiki ileile ya kikaango kisichonata) iliyopashwa moto ikarefuka na kujaa vitundu vidogo mno, vidogo kuliko tone la maji ila mvuke unapita. Sawa. Lakini mvuke hautoki kwa sababu umeuomba, unatoka pale ndani kunapokuwa na unyevunyevu mwingi kuliko nje. Siku ya baridi kavu unafanya kazi vizuri. Siku ya mvua, kitambaa cha juu kikishalowa, mvuke hauna pa kwenda, na unafika umelowa kwa jasho lako mwenyewe ukidhani jaketi linavuja. Nimeona watu wanarudisha dukani majaketi mazima kabisa.

Kwa hiyo ukinunua, usitazame namba za kwenye lebo peke yake. Hizo milimita 10,000 ni urefu wa maji ambao kitambaa kinastahimili kabla hakijapenyeza, inatosha kwa mtu wa mjini. Tazama zipu za kwapani. Zipu za kwapani zinapumua kuliko utando wowote. Tazama nyuma iwe ndefu kidogo kufunika kiuno ukiinama. Kofia ya jaketi ama iingie chini ya helmeti ama uikunje, ukiivaa juu ya kichwa halafu ukageuka kuangalia gari nyuma utatazama ukuta wa kofia yako mwenyewe.

Na lifue! Watu wanaogopa kufua jaketi la mvua. Uchafu na mafuta ya mwili ndivyo vinavyoua ile dawa ya juu inayofukuza maji, na dawa za sasa zisizo na kemikali za PFAS zinachafuka upesi kuliko za zamani. Sabuni ya maji isiyo na kilainishi, halafu joto la wastani la mashine ya kukaushia kama lebo inaruhusu. Matone yataanza kuteleza tena.

Kigurudumu

Asanteni sana, nimeanza kuona mwanga. Ila bado mikono. Glavu nene ninazo, mbili nimenunua, zote kazi bure.

Jinsi_Sitaki

Mimi nina neno moja tu. Usivae jinsi. Pamba ikilowa inang'ang'ania maji kama mdeni anavyong'ang'ania siri. Nimemaliza.

Nusu_Kidole

Kigurudumu kaka, suala la mikono nimelisomea kwa maumivu, ngoja niseme kwa urefu.

Mwili ukihisi kiwiliwili kinapoa, unapunguza damu kwenye vidole ili kuokoa moyo na wenzake. Vidole ni wa kwanza kukatiwa umeme. Kwa hiyo mara nyingine tiba ya vidole iko shingoni na kwenye viungo vya mikono. Vaa kitu cha shingoni, kile cha mviringo usichohitaji kufunga kama skafu, ambacho hakiingii kwenye gurudumu. Mkono wa fulana uingie ndani ya glavu, usiache hata upana wa kidole. Nilipofanya hivyo tu nusu ya tatizo iliisha.

La pili, glavu zako nene huenda zinakubana. Jaribu hivi: vaa glavu, kunja ngumi kama umeshika breki. Ukiona ncha za vidole zinasukuma kitambaa, ni ndogo. Hewa imekwisha, damu imebanwa, na unene wote ni mapambo.

La tatu ni umbo. Glavu ya vidole vitano ndiyo baridi zaidi, kila kidole kimefungiwa chumba chake peke yake. Ile ya kidole gumba peke yake na vingine vyote pamoja ndiyo joto zaidi, lakini kubadilisha gia ni kazi. Katikati kuna zile za vidole viwiliviwili, unaonekana una koleo la kaa, lakini breki unashika vizuri.

Mfalme wa wote ni mifuko ya usukani. Ni mikoba miwili inayofungwa kwenye usukani daima, inafunika breki na gia, wewe unaingiza mkono ndani ukiwa na glavu nyembamba tu. Upepo haufiki kabisa. Nyuzi 10 chini ya sifuri naingiza mikono mle, mikono inatoka na jasho. Wenzangu walinicheka kwamba baiskeli imevaa soksi. Baadaye watatu kati yao wakaniuliza nilipata wapi.

Bi_Tausi

Hiyo mifuko ya usukani ni mibaya jamani. Naikubali ila ni mibaya.

Nusu_Kidole

Ni mibaya ikiwa imeegeshwa, dada. Ukiwa ndani yake hujali.

Mzee_wa_Cheni

Miguu iko vilevile. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni baridi kuliko soksi moja ndani ya kiatu chenye nafasi. Nunua buti namba moja juu, weka soli ya ndani ya sufu. Na kama pedeli zako ni za chuma, joto linatorokea chini, soli nene ya mpira inasaidia sana. Viatu vya kunasa kwenye pedeli mara nyingi vina chuma chini ya wayo, achana navyo hadi jua lirudi.

Kichwani weka boshori jembamba (najua wengine mnaita mzula, wengine marvin, tusianze vita) linaloingia chini ya helmeti bila kuinyanyua. Liwe jembamba kweli. Helmeti iliyokaa juu ya boshori nene kama sufuria juu ya mafiga haikulindi.

Fundi_Pampu

Kuna jambo hamjaligusa. Kigurudumu unatoka giza unarudi giza, na koti la dada Tausi najua ni jeusi.

Bi_Tausi

Ni bluu ya usiku.

Fundi_Pampu

Ndiyo hiyo.

Watu wengi wanavaa kizibao cha njano kali wanadhani wamemaliza. Ile njano inawaka kwa sababu ya miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ikigeuzwa kuwa mwanga. Jua likishazama hakuna cha kugeuza, na chini ya taa za barabarani ni njano ya kawaida. Usiku kinachofanya kazi ni kitambaa kinachorudisha mwanga wa taa kule ulikotoka. Na mahali pake pazuri ni kwenye vifundo vya miguu, kwa sababu vinapanda na kushuka. Dereva akiona vitu viwili vinapanda na kushuka, anatambua mtu upesi kuliko akiona kipande kimetulia mgongoni. Habari njema kwa dada Tausi: mikanda miwili ya vifundoni haiharibu koti lolote, na ukifika unaivua inaingia mfukoni.

Ukivaa poncho, angalia isifunike taa. Ya mbele ihamishie chini, kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele, ya nyuma kwenye keria. Simu iweke ndani kifuani, betri ikipoa sana inazima hata kama ilikuwa na nusu.

Nusu_Kidole

Na kama njia yako ina barafu, weka tairi la meno ya chuma, hata moja tu, la mbele. La nyuma likiteleza unaweza kujirudi, la mbele likiteleza umeshalala chini. Lina kelele kavukavu kwenye lami kama mtu anakaanga bisi, utazoea.

Kigurudumu

Wakuu, wiki ya tatu leo, narudisha mrejesho.

Nimeanza na madigadi. Nilijiona mjinga kwamba miaka yote hii nilikuwa nalaumu mvua. Halafu fulana mbili za merino, na kitambaa cha shingoni. Jaketi nimeona nitafute kati ya dada Tausi na Fundi: koti fupi la sufu siku kavu, jaketi la mvua lenye zipu za kwapani linakaa limekunjwa kwenye mfuko wa keria, na juu ya koti linaingia. Siku mbili za mvua kubwa limevaliwa juu ya sweta, koti likabaki nyumbani. Mifuko ya usukani nimefunga. Ni mibaya, ndiyo.

Jana nyuzi 6 chini ya sifuri. Dakika tano za kwanza nilimlaani Mzee kimyakimya, ya kumi nikafungua zipu kidogo. Kwenye mlango nilizungusha ufunguo kwa vidole viwili, mlinzi akanitazama tu.

Kilichobaki ni vifundo vya miguu, mikanda inateleza inashuka kwenye buti. Kuna mwenye dawa?

Bi_Tausi

Ndani ya pindo la suruali, shona utepe unaorudisha mwanga. Mchana hauonekani. Usiku unapindua juu. Jaketi la manyoya umelipeleka wapi?

Kigurudumu

Nimemgawia mdogo wangu, dada. Yeye anasubiri basi.