Filamu ya kutisha: ya 1973, ya 1999 au ya 2018? Shemeji anajifanya chuma

Kiberiti_Kimoja (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni. Nina shemeji ambaye kila tukikaa lazima ajisifu: filamu za siku hizi ni za watoto, hakuna hata moja iliyomnyima usingizi. Jumamosi tunakutana kwangu watu saba, kuna projekta ya kuazima na shuka jeupe la kuweka ukutani. Natafuta moja tu ya kumziba mdomo. Wiki hii nimeangalia tatu, usiku, peke yangu, na bado nimekwama.

The Exorcist nilianza nayo kwa sababu kila mzee anaitaja. Mwanzo wake mzito jamani. Tuko Iraq watu wanachimba vitu vya kale, kisha tunahamia Washington kwa mama mwigizaji na binti yake, nusu saa nzima unasubiri. Binti anapagawa na shetani, na kichwa chake kilipogeuka nyuma sikushtuka hata kidogo, nimeshakiona kikiigwa kwenye vichekesho mpaka kimechuja. Kilichonikaba ni hospitali. Binti amelazwa, sindano inaingia shingoni, damu inaruka, mashine zinagonga, na madaktari wanaongea kwa upole kabisa huku hawajui lolote. Halafu kile chumba cha kulala! Mwongozaji, William Friedkin, alikifungia mitambo ya baridi mpaka pumzi za waigizaji zikawa zinatoka kama moshi. Baridi ile ni ya kweli na inakufikia ulipokaa.

The Blair Witch Project ya 1999 ni fupi, dakika 81. Vijana watatu, msitu wa Maryland, kamera za mkononi, na mchawi mwenyewe humuoni hata mara moja. Wakati inatoka walifungua tovuti inayosema vijana hawa wamepotea kweli, na watu wakaamini. Filamu ya pesa za mboga ikaingiza karibu dola milioni 248. Leo nani ataamini? Imani hiyo ikiondoka, sehemu kubwa inabaki watu kugombania ramani. Ila dakika tano za mwisho niliwasha taa.

Hereditary ya 2018 ndiyo ya kwanza ndefu ya Ari Aster. Familia imetoka kumzika bibi, basi, mengine sisemi. Kuna mahali kijana anaamka usiku, chumba giza, kamera imetulia. Hakuna mlio wa kukushtua. Ni mimi mwenyewe niliyegundua, baada ya muda, kwamba kule juu pembeni ya ukuta kuna mtu. Nikarudisha nyuma kuhakikisha. Alikuwepo muda wote.

Wasiwasi wangu ni kwamba inachukua saa mbili na dakika saba, na Wamarekani walipoulizwa na CinemaScore wakitoka ukumbini waliipa D+. Shemeji akianza kupiga miayo nimekwisha. Mnashaurije? Za sasa zinatisha kweli au zinashtua tu?

Chausiku_85

Exorcist siangalii. Si woga, ni heshima.

FundiSpika

Mkuu, kabla ya filamu chagua spika. Hizo spika ndogo za projekta zinasikika kama redio ya betri.

Halafu hili la kushtua, watu wanalisema kama ugonjwa wa juzi. Cat People ni ya 1942. Mwanamke anatembea usiku, anahisi anafuatwa, kimya kinazidi kuwa kizito, ghafla mngurumo kama wa mnyama... kumbe ni basi linafunga breki. Mpaka leo watu wa filamu mbinu hiyo wanaiita basi la Lewton, kwa jina la mtayarishaji wake, Val Lewton. The Conjuring ya 2013 ni mjukuu wa basi lile. Yale makofi mawili kutoka gizani mnayajua. Na msiidharau: haina damu nyingi wala matusi, lakini Marekani waliipa alama ya R, watoto wasiingie bila mtu mzima, kwa sababu tu inatisha mno.

Tofauti utaijua ukiangalia mara ya pili. Basi halikushtui tena, umeshajua linakuja dakika ya ngapi. Yule mtu wa ukutani aliyekutoa jasho, ukirudia ni mbaya zaidi, maana sasa unamsubiri.

Hereditary muziki wake kapiga Colin Stetson, mpuliza saksofoni, na sehemu kubwa unanguruma chini chini, hujui umeanza lini. Spika ya simu au ya projekta haiwezi kuutoa mngurumo ule. Bila mngurumo huo unaona watu wanalia kwenye kochi tu, kama tamthilia ya jioni. Nipo Kihonda, sabufa yangu ni nzima. Ijumaa pita uichukue.

Mzee_wa_Kanda

Nyie mnazungumzia sabufa. Sisi tuliogopeshwa na televisheni ya inchi 14 ndani ya kibanda umiza, mabenchi ya mbao, jasho la watu hamsini, mlangoni gunia. Nsyuka ya Mussa Banzi ilipopita mtaani kwetu, na baadaye Shumileta, kuna watoto walikojoa kitandani mwezi mzima. Ukiziangalia leo unaona rangi ya usoni imepakwa vibaya na kivuli cha mshika kamera kinapita. Lakini njia ya kutoka kibandani kwenda nyumbani ilikuwa hiyohiyo iliyokuwa kwenye filamu! Migomba ileile. Mbwa walewale. Hao wa Washington wana taa barabarani.

Kingine, filamu za nje tulikuwa tunaziona zimetafsiriwa. Marehemu Lufufu akishika kipaza sauti, hata shetani anageuka jirani yako mwenye madeni. Nimewahi kuona ukumbi mzima unacheka mtu anachinjwa. Kwa hiyo kijana, Jumamosi asitokee mtu wa kutafsiri. Huyo ndiye muuaji wa woga namba moja, na shemeji yako nahisi ni wa aina hiyo.

Kiberiti_Kimoja

Mzee umemjua bila kumuona 😂 Anatafsiri mpaka taarifa ya habari.

Kinangop_Baridi (Nairobi)

Wakubwa, niruhusuni niwapinge. Mnalinganisha ya Wazungu na ya Wazungu. Hizo zote tatu zina shida moja ambayo mama yangu huuliza kila mara akitupata tukitazama: kwani hawa watu hawawezi kuhama? Nyumba inapiga kelele usiku, na wewe umekaa tu na watoto!

Tafuta His House ya 2020, ya Remi Weekes. Mume na mke wametoroka vita Sudan Kusini, wamevuka bahari, wamefika Uingereza. Serikali inawapa nyumba chafu, na masharti: msihame, msifanye kazi, mkivunja tutawarudisha. Sasa kuna kitu ukutani. Watahamia wapi? Swali la mama limejibiwa dakika za kwanza kabisa. Na kitu chenyewe hakikuwa kwenye nyumba, wamekuja nacho. Kuna mahali mke anaomba njia kwa vijana weusi kama yeye, wanamcheka na kumwambia arudi Afrika. Hapo hakuna jini, na ndipo tumbo lilinikaza kuliko kwingine kote.

Ya zamani haingeweza kutengenezwa hivyo. Mwaka wa 1973 hao wawili wangekuwa watu wa kupita tu nyuma ya kamera.

Binti_Ngambo

Kaka wa Nairobi kasema kweli, ila mimi naongeza: inategemea umelelewa unaogopa nini. Padri na maji ya baraka kwangu ni mchezo wa kuigiza. Nyumbani mtu akipagawa anasomewa, hapigiwi Kilatini. Nimeangalia The Exorcist nakula ubuyu.

Lakini nikumbusheni 1995. Nilikuwa mtoto. Habari za Popobawa, lile jini la kuvamia watu usiku, zilianzia Pemba zikaja Unguja, na watu wazima, baba zetu wenye ndevu, wakatoa mikeka wakalala nje makundi makundi, moto unawaka, hakuna anayetaka kuwa wa mwisho kufumba macho. Hakuna aliyekiona kitu. Sisi watoto tulikuwa tunaangalia nyuso za wakubwa, tunajua leo hakuna wa kutulinda. Hakuna filamu iliyonifikisha pale, na mtu akisema za zamani zilitisha zaidi mimi namuuliza: filamu, au umri wako?

Iliyonikaribia ni ya Indonesia, Pengabdi Setan ya 2017, mwongozaji Joko Anwar. Hiyo nayo wameirudia, ya kwanza ni ya 1980. Kuna dada anaswali usiku peke yake, na mama yake amekwishakufa. Mimi nilizima. Sala ndiyo sehemu niliyoambiwa tangu utotoni kwamba hakuna kitakachokufikia, na yule bwana ameingia humohumo na kamera yake. Wiki nzima nilikuwa nageuka kabla sijatoa salamu, Mungu anisamehe.

Chausiku_85

Dada, ubuyu na Exorcist? Wewe ndiye wa kuogopwa.

Mwendo_Mrefu (Minneapolis)

Nachangia kidogo, nipo kazini. 2017 nilikwenda kuona Get Out. Filamu inaanza, kijana mweusi anakamatwa barabarani usiku, kisha miti inapita, na wimbo unaanza. Ukumbi mzima umetulia, watu wanatikisa kichwa kwa mdundo. Mimi nimeganda. Wimbo ni wa Kiswahili! Unaitwa "Sikiliza kwa Wahenga", katunga Michael Abels. Kiswahili chenyewe kimepinda kidogo, sisi tungesema wasikilize wahenga, lakini ujumbe unafika: ndugu, kimbia, jiokoe.

Fikirieni. Watu mia mbili ukumbini, na mimi peke yangu (labda na mama mmoja wa Kikongo safu ya mbele, maana niliona ameshika mkono wa mtoto wake) tumeshaonywa. Saa nzima baadaye wanacheka wale wazazi wa Kizungu wanavyojipendekeza, mimi sicheki. Sijui kama hiyo inahesabika kwenye ulinganisho wako, maana shemeji anajua Kiswahili na hatakuwa peke yake.

FundiSpika

Inahesabika. Sabufa itautoa vizuri sana huo wimbo.

Mzee_wa_Kanda

Bwana Fundi una hisa kwenye hiyo sabufa?

Kiberiti_Kimoja

Nimewasoma wote. Blair Witch nimeitoa. Vijana wangu wawili wanaanza kizunguzungu kamera ikitikisika, na nilikuwa nimesahau kwamba kwenye shuka picha inayumba kila upepo ukipita. His House nimeipenda kwa maelezo, hiyo nitaangalia na mke wangu. Ya Indonesia mama mkwe atakuwepo, sithubutu. Imebaki Exorcist na Hereditary. Naenda na ya 2018, na simu zote zinakaa kwenye beseni jikoni.

Mzee_wa_Kanda

Beseni! Hapo umeongea. Sisi kibandani hatukuwa na simu ya kukimbilia.

Kiberiti_Kimoja (Jumatatu)

Mrejesho, wakuu.

Dakika arobaini za kwanza shemeji alitafsiri. Bibi alipozikwa akasema huyu kaacha deni la VICOBA. Watu wakacheka, nikajua nimeshindwa. Binamu yangu akalala, na sitamficha, alikoroma mpaka mwisho.

Kisha likaja lile la kwenye gari. Walioiona wanajua. Shemeji akanyamaza katikati ya neno. Sabufa inanguruma, mama mkwe anasema "astaghafiru" taratibu, na yeye ni Mlutheri. Kutoka pale hakuna aliyetafsiri chochote. Tulipofika kwa yule mtu wa ukutani, mimi sikuangalia shuka, niliwaangalia wao. Wa kwanza kumuona alikuwa dada yangu, akabana pumzi. Akafuata mke wangu. Shemeji alikuwa wa mwisho, na kwa kuwa wenzake wote walikuwa wameshakaa kimya kwa namna ile, nadhani alijua kuna kitu kabla hajakiona. Alivuta miguu juu ya kochi kama mtoto.

Kwa haki, mama mkwe anasema haikumtisha, ilimsikitisha. Anasema Exorcist aliyoiona zamani kwenye kanda Dodoma ndiyo filamu. Hatujaelewana.

Tatizo limebaki moja. Yule binti wa kwenye filamu ana tabia ya kugonga ulimi: klok. Watoto hawakuangalia, walikuwa kwa jirani, ila wamesikia tukisimulia. Tangu jana shemeji akipita koridoni wanajificha nyuma ya pazia wanagonga ulimi. Leo asubuhi ameomba abebwe mpaka stendi, mwendo wa dakika tano, jua linawaka.

Binti_Ngambo

Hao watoto wapewe ubuyu, kwa hesabu yangu.

FundiSpika

Sabufa nirudishie.