Ati wasichana ni wavivu? Kwanza ondoeni magari kwenye uwanja wetu wa netiboli

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Juzi tuliitwa kikao cha michezo hapa chuoni (chuo sikitaji, kiko Nairobi, wenyewe wanajijua). Afisa wa michezo akafungua daftari la jim: wavulana ukurasa umejaa, wasichana watatu. Akavua miwani, akasema, "Wasichana wa siku hizi ni wavivu. Ni simu tu." Ukumbi ukaangua kicheko. Hata sisi wasichana tulicheka, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Haya, mimi ni mmoja wa hao watatu.

Vyuma vyepesi havipo. Kimebaki kimoja cha kilo 5, nacho kimewekwa kuzuia mlango usijifunge. Ukiinama kukichukua, komredi aliye kwenye benchi anaacha kunyanyua chake akutazame wewe. Ukimuuliza kama amemaliza, "Ngoja kidogo, mrembo." Kidogo hicho ni nusu saa. Na ole wako uanze kuchuchumaa na chuma mabegani, watatokea makocha sita ambao hukuwaita.

Basi nikakimbie uwanjani? Vipindi vyetu vinaisha saa kumi na mbili jioni, na jua la Nairobi saa kumi na mbili na nusu hivi limeshakwenda zake. Kuna nguzo tatu za taa. Inayowaka ni moja, na inamulika goli la wavulana. Kule kando ya ua ni giza totoro. Mara ya mwisho nilipokimbilia huko, mtu alinifuata raundi nzima akipiga mluzi. Siku hiyo nilikimbia kasi kuliko siku zote, kama afisa anataka takwimu. Nikaenda kumweleza soja wa geti, naye akaniuliza, "Kwani dada, ulikuwa umevaa nini?"

Uwanja wa netiboli ndio usiseme. Wahadhiri wanaegesha magari humo tangu muhula uliopita. Ile nusu duara ya kufungia magoli bado inaonekana chini ya Probox moja inayovuja oili, na kwenye mlingoti mtu ameanika tambara la kupangusia vioo.

Na ofisini kwa huyo huyo afisa kuna picha kubwa ya Faith Kipyegon! Julai 2025, kule Eugene, Marekani, mama huyo alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 48.68, akavunja rekodi ya dunia aliyokuwa ameiweka mwenyewe. Kumbe mwanamke anayekimbia anapendeza, mradi awe ukutani.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa hesabu yao ya mwaka 2022, wasiofikisha kiwango ni asilimia 34 ya wanawake na asilimia 29 ya wanaume, dunia nzima. Sasa wanawake wa dunia nzima wameambukizana uvivu kwa simu? Halafu shirika hilo hilo linahesabu kazi za nyumbani kuwa shughuli ya mwili. Wikendi nikienda kwetu, kaka yangu anabeba njumu zake anaondoka. Mimi nafua mashuka ya watu watano kwa mkono, jasho linanitoka mpaka kwenye kope. Hiyo haimo kwenye daftari la jim.

Sikatai, wavivu wapo. Mwenzangu wa chumbani akishasuka nywele za shilingi elfu tatu, hata ngazi hapandi haraka. Lakini uvivu wa mtu mmoja haukuzima taa mbili.

Jumatatu naenda ofisini kwa afisa wa michezo na wenzangu wanne. Tunataka taa, tunataka saa mbili za wasichana jim kila jioni, na magari yatoke. Mwenye picha ya uwanja wa netiboli kabla haujageuzwa maegesho aiweke hapa chini, maana afisa ameshaanza kusema haujawahi kuwepo.