Naenda Uppsala Januari kwa semista moja, naombeni mwongozo

Mdogo wenu wa Mlimani anaandika:

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu mambo vipi. Nimepata nafasi ya mabadilishano ya wanafunzi, natoka Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) naenda Uppsala, Sweden, kuanzia katikati ya Januari mpaka mwanzoni mwa Juni. Ada silipi huko maana vyuo vina makubaliano, kibali cha ukaazi nimeshaomba na alama za vidole nimeshatoa ubalozini. Sasa kinachonitatiza ni hivi, hela nibebe dola keshi au vipi? Koti ninunue wapi? Na ile namba yao ya utambulisho naipataje, maana kila fomu ninayofungua inaiuliza. Chumba nimepata kwa mtu mtandaoni, anasema yuko nje ya nchi ila nikituma kodi ya miezi miwili ananiwekea funguo kwa jirani. Halafu Ramadhani itanikuta hukohuko, sijui hali ikoje.

Kaka wa Stockholm:

Marahaba mdogo wangu, hongera sana. Cha kwanza ukishuka tu nenda Skatteverket, ile ofisi yao ya kodi, na pasipoti yako wakupe personnummer, ndo hiyo namba ya utambulisho. Ukishaipata unafungua akaunti ya benki, benki inakupa BankID, kitambulisho cha kwenye simu, BankID inakufungulia Swish ambayo ndo M-Pesa yao, hapo sasa umekuwa mtu. Bila hiyo namba huku ni kama kivuli tu. Koti usihangaike, ingia soko la mitumba la Karume asubuhi mapema wakati wanafungua mabelo utapata la manyoya kwa bei ya chipsi kuku.

Dada wa Flogsta (zamani):

Kaka samahani hapo kwenye namba nakupinga, utamsumbua mtoto wa watu bure. Personnummer wanampa mtu anayekuja kukaa mwaka mzima au zaidi, huyu anakuja miezi mitano kasoro, atapanga foleni na kurudishwa. Mimi nilikuja kwa semista moja kama yeye, nilirudishwa, nikatoka pale nalia na ubaridi ule machozi yanaganda. Kwahiyo mdogo wangu jipange kuishi bila namba toka mwanzo, usije na mpango unaoitegemea.

Maana yake ni nini, maana yake Swish hutakuwa nayo na keshi pia haitakusaidia, kwenye basi la mjini hawapokei hela mkononi, mikahawa mingi imebandika karatasi mlangoni kwamba ni kadi tu. Wewe hakikisha kabla hujaondoka una kadi ya Visa au Mastercard ya benki yako ya nyumbani, mbili ikiwezekana, uwaambie benki kabisa kwamba unasafiri wasije wakaifunga siku ya kwanza uko uwanja wa ndege wa Arlanda na masanduku. Tiketi za basi unanunua kwenye programu ya UL, wenye mabasi, kwenye simu kwa kadi hiyohiyo. Dola beba kidogo za dharura tu. Wenzako wakila pamoja watakwambia "niswishie", wewe waambie huna namba, wameshazoea, utalipa siku nyingine chakula cha wote na kadi yako. Mambo ya matibabu muulize mratibu wako kama chuo kimekuwekea bima ya Kammarkollegiet, shirika la serikali, wanafunzi wa mabadilishano wengi wanawekewa, ila chapa karatasi utembee nayo.

Koti la Karume sawa, hapo kaka yuko sahihi, ila koti sio shida, shida ni miguu. Januari barabara ni barafu tupu wamemwagia vikokoto juu, nilianguka mara tatu wiki ya kwanza na raba zangu nyeupe nilizokuwa naringia. Nunua viatu huku kwenye maduka ya mitumba, Myrorna au Stadsmissionen, halafu tafuta vitu vinaitwa broddar, ni misumari midogo unavalisha chini ya kiatu, vikongwe wote wanavaa na hawaanguki, sisi vijana tunaona aibu ndo tunavunjika mikono.

Darasani usiogope. Mwalimu unamwita jina lake la kwanza, mimi wiki tatu nilikuwa naandika Profesa kwenye imeili mpaka akaniomba niache. Kipindi kikiandikwa saa nne kinaanza saa nne na robo, ni utaratibu wao wa zamani, chuo chenyewe ni cha 1477. Unasoma kozi moja, unaimaliza na mtihani wake, ndo unaanza nyingine, kwahiyo hakuna kusubiri mwisho wa semista ukakeshe na madesa. Mitihani mingine ni masaa matano watu wanakuja na ndizi na chai ya chupa wanakula humohumo. Ila jiandikishe mapema, ukisahau kujiandikisha hukai, na sapu yao inaweza kuangukia wakati umesharudi Dar.

Na jambo ambalo hukuuliza, upweke. Januari ikifika saa tisa na nusu alasiri jua limeshazama, kwenye korido yenu mnatumia jiko moja watu kama 12 na kila mtu anakula kimya. Usikae unasubiri Mswidi akukaribishe, hatakuja, na sio kwamba ana roho mbaya, anaona atakusumbua. Kuna vyama vya wanafunzi vinaitwa nation, viko 13, jiunge kimoja halafu omba zamu ya jikoni. Mimi marafiki wangu wote niliwapata kwenye kumenya viazi. Mkishika visu wanaongea mpaka unawachoka. Ukikaa Flogsta, mtaa wa mabweni ya wanafunzi, saa nne usiku utasikia watu wanapiga mayowe madirishani, sio msiba wala mwizi, ni desturi yao, toa kichwa nawe upige.

Mama wa Gottsunda:

Wanangu mmeongea yote mmeacha la hatari. Huyo mtu wa chumba ni MWIZI. Usitume hata mia. Mwenye chumba yuko nje ya nchi, funguo kwa jirani, hadithi ni hiyohiyo kila mwaka, hapa nimeshalaza mabinti wawili kwenye kochi langu waliofika na anwani ya jengo lisilo na chumba hicho. Waandikie chuo leo uulize ofisi yao ya makazi inayopangisha wanafunzi wa mabadilishano, na tarehe ya mwisho ya kuomba usiichezee.

Ramadhani usihofu. Mwanzoni utafuturu saa kumi na moja jioni, mapema kuliko hata Dar, ila kila wiki magharibi inasogea mbele zaidi ya robo saa. Sie tuliofunga Juni 2016 hapa tulikuwa tunafuturu saa nne usiku na ushee, ukitafuna tende mbili daku hii hapa. Msikiti upo, na unga wa sembe utaupata kwa Wasomali.

Kaka wa Stockholm:

Dada nimenyoosha mikono, mi nilikuja na mkataba wa kazi wa miaka miwili ndo maana namba nilipewa. Mdogo wangu nisamehe. Ila 30 Aprili usikose kuwepo mtoni, wanafunzi wanateremka mto Fyrisån na maboti ya kujitengenezea wanapinduka kwenye maji ya baridi na wanacheka.

Mdogo wenu wa Mlimani:

Asanteni jamani. Yule mtu nimemwomba anionyeshe chumba kwa video, amenibloku palepale. Ofisi ya makazi nimeshawaandikia. Mama, nikuletee nini?

Mama wa Gottsunda:

Nyama na maziwa usithubutu, hata samli, wanazichukua uwanja wa ndege. Dagaa ruksa. Kilo mbili, wa Mwanza, waliokauka vizuri, na uwafunge mara tatu maana koti lako la Karume litanuka mpaka Juni.