Tupeane uzoefu: nyimbo za wazee wetu ambazo hazikupata kutoka

Ndugu wa Lubumbashi na Likasi, leo naomba tuzungumzie kaseti zilizolala masandukuni. Siku hizi namsikiliza Terry Callier wa Chicago, albamu The New Folk Sound: sauti yenye soul, gita na besi mbili, basi. Aliirekodi 1964, ikatoka 1968, kwa sababu prodyuza aliondoka na mikanda akaenda nayo Mexico. Baadaye Callier aliacha muziki, akafanya kazi ya kompyuta chuo kikuu, mpaka Waingereza walipomtafuta miaka ya 1990.

Wetu nani atawatafuta? Mwenda Jean Bosco, mpiga gita wetu wa Katanga, tunaye kwa sababu Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipita Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952 na mashine yake ya kurekodi. Wangapi walipiga gita mtaa wa pili na mashine haikuwafikia?

Naanza mimi. Mama mkubwa alitunga nyimbo zake kwa Kiswahili na Kibemba. Studio moja ya mjini ilimrekodi, haikutoa kitu, na mkanda wenyewe haukuonekana tena. Nyumbani ilibaki nakala ya kaseti. Katika wimbo wa tatu ananyamaza ghafla, unamsikia akimwambia mpiga gita, "Polepole, baba," halafu anaanza upya. Hapo ndipo napenda kuliko pote.

Majibu kutoka mitaa ya Lubumbashi. Wa Katuba: Yaya, umenigusa. Baba alipiga gita kwa gumba na kidole cha shahada, mtindo wa kina Mwenda. Kaseti yake iliota ukungu. Fundi wa soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, alinikataza kabisa kuitia kwenye redio, eti ukungu utaganda kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, na kuharibu kaseti nyingine. Aliipangusa taratibu kwa kitambaa kikavu, akafungua skurubu, akahamishia utepe kwenye kasha zima. Sauti inayumba, lakini ni baba. Mama alipoisikia alitaja jina la kila aliyeitikia kiitikio.

Wa Kamalondo: Sisi hatuna kaseti. Bibi anakumbuka maneno tu.

Wa Ruashi: Kwetu ni karindula, lile banjo kubwa la pipa na ngozi ya mbuzi. Nilimrekodi mjomba kwa simu. Sasa binamu wanataka tuiweke mtandaoni, yeye hataki, wimbo unataja deni la jirani ambaye watoto wake bado wapo hapa. Mngefanyaje?

Narudi mimi niliyeanza: Wa Ruashi, msikilize mjomba. Tunza nakala mbili sehemu tofauti, mtandao usubiri mpaka aseme ndiyo. Wa Kamalondo, mrekodi bibi hivyohivyo, ayaseme maneno na apige mdundo mezani kwa vidole. Na wote, mwanzoni mwa sauti tajeni mwaka, mtaa na aliyepiga gita, maana karatasi ya kasha hupotea. Wa Kolwezi mko wapi? Leteni zenu.