Taa za kumweka kwenye droni ndogo: kishikizi cha kuchapa mwenyewe kikae wapi?

Mwewe_Jioni

Wakuu, habari za kazi. Droni ni ya mikono ya kukunja, gramu 249. Taa za kumweka ni mbili, zina betri ndani, gramu 12 kila moja. Nimezibandika kwa velkro, moja mgongoni katikati na nyingine tumboni. Taa zikiwaka, setilaiti za GPS ambazo droni inazipata zinashuka kutoka 17 hadi 9, karibu na ardhi droni inayumba na kusitasita kutua, na video inajaa ukungu mweupe kila taa inapomweka. Printa ya 3D ninayo. Naomba ushauri: vishikizi vikae wapi, nitumie plastiki gani, na nivishikize vipi bila kutoboa ganda?

fundi_mota

Mkuu, usiwashe printa kwanza. Yote matatu yanatokana na mahali ulipoziweka, kwa hiyo kishikizi kizuri mahali palepale hakitakusaidia.

Antena ya GPS kwenye droni nyingi za umbo hilo iko chini ya ganda la juu. Taa nyingi za aina hii zina saketi ndogo ya kupandisha volti, inayokata na kuunga umeme kwa kasi kubwa, na saketi rahisi hutoa kelele ya redio. Mawimbi ya setilaiti yanafika yakiwa hafifu mno, hivyo kelele iliyo sentimita mbili tu juu ya antena inatosha kuyafunika. Taa ya tumboni nayo inamulika ardhi ileile inayotazamwa na kamera za chini. Droni hukaa palepale kwa kulinganisha picha moja na inayofuata. Picha moja ikiwa na mwanga na ya pili giza, hesabu inavurugika, ndiyo maana inayumba.

Zihamishie ubavuni, nyuma ya bawaba za mikono, moja kila upande, zitazame nje na juu kidogo. Taa moja ya ubavuni huonekana upande mmoja tu, ila mbili zinafunika pande zote. Kabla ya kubandika chochote, shikilia taa kwa mkono mahali hapo kisha kunja na kunjua mikono, chomeka na chomoa betri, angalia matundu ya hewa hayajazibwa. Halafu zungusha propela kwa kidole, droni ikiwa imezimwa: kati ya ncha na taa ibaki angalau milimita 10. Propela hupinda ikiwa na mzigo, kwa hiyo nafasi ya milimita 3 inayoonekana salama mezani si salama angani.

Tabaka_kwa_Tabaka

Naongezea upande wa kuchapa. Tumia PETG. PLA huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na ndani ya gari lililoegeshwa juani joto linaweza kuikaribia hiyo. Kama kishikizi ni cha kukumbatia mkono wa droni, TPU ya ugumu wa 95A ni bora zaidi: inajikunja, haikwaruzi ganda, na inameza mtetemo.

Vipimo vya kuanzia: tabaka milimita 0.2, ukuta milimita 1.2 (mizunguko mitatu ya pua ya printa ya milimita 0.4), ujazo wa ndani asilimia 20. Mkono wa droni haulingani unene, kwa hiyo pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) sehemu tatu, na uongeze milimita 0.3 kwenye tundu la PETG. Bano, yaani sehemu ya kishikizi inayoshika mkono wa droni, likumbatie kama robo tatu ya mzingo. Likiwa nusu linachomoka, likizidi sana unalivunja unapolivalisha. Lichape likiwa limelala ubavu, ili tabaka zifuate mviringo wa bano. Ukilisimamisha, nguvu ya kulifungua inavuta tabaka zitengane, nalo litapasuka kwenye mstari wa tabaka.

Kuhusu ukungu kwenye video: taa inamulika propela, na propela zinarudisha mwanga kwenye lenzi. Chapa ukingo wa milimita 6 upande wa mbele na wa juu wa kitako cha taa, kwa plastiki nyeusi isiyong'aa. Ukingo mweupe utaongeza tatizo.

Kwenye ganda tumia tepu ya povu ya akriliki, ya pande mbili. Futa kwa spiriti ya isopropili, acha ikauke, bonyeza sekunde 15 au zaidi. Tepu hizi hufikia nusu ya nguvu yake baada ya dakika 20 hivi, na nguvu kamili baada ya saa 72 kwenye joto la kawaida la chumba. Watu wengi huruka baada ya dakika kumi kisha wanailaumu tepu. Velkro ya kawaida iache: nyuzi zake zinachezacheza, taa inatikisika, na mtetemo huo unafika kwenye kamera.

Mwewe_Jioni

Asanteni sana. Vipi sumaku ndogo mbili, moja kwenye ganda na moja kwenye taa, ili niitoe haraka?

fundi_mota

Hapana, mkuu. Sumaku inapotosha dira, na ukirekebisha dira sumaku ikiwapo, itakosea siku utakapoitoa. Skrubu za chuma karibu na dira ziepuke pia, tumia za nailoni. Kama unataka kutoa taa haraka, chapa mfereji wa kutelezesha wenye ndoano ndogo ya kuifungia. Na ufunge uzi wa nailoni kati ya taa na mwili, mfupi kiasi kwamba taa ikichomoka isiweze kufikia propela. Uzi mrefu ni hatari kuliko kutokuwa na uzi.

Mizani_Sawa

Msisahau uzito. Taa mbili ni gramu 24, vishikizi na tepu tuseme 6, jumla 279. Nguvu ya kuelea huongezeka kwa uzito kipeo cha 1.5, kwa hiyo asilimia 12 ya uzito inadai nguvu asilimia 19 hivi zaidi. Dakika 30 za kuelea zinakuwa kama 25. Rudi na betri mapema kwa kiwango hicho. Pia umevuka gramu 250, ambayo ni mpaka wa kisheria Marekani na Umoja wa Ulaya, na rangi nayo ina sheria: Umoja wa Ulaya unataka taa ya kijani inayomweka kwa kuruka usiku.

Majaribio fanya mchana, mahali pa wazi. Kwanza hesabu setilaiti ukiwa chini, taa zimezimwa, kisha ziwashe na usubiri dakika mbili. Zikipungua zaidi ya mbili au tatu, sogeza taa. Halafu elea mita 2 kwa dakika tatu, ukitazama kama inapeperuka. Tua, gusa mota zote nne. Ya upande mmoja ikiwa na joto kuliko nyingine, uzito haujakaa katikati.

Mwewe_Jioni

Na nikibaki na taa moja tu?

Mizani_Sawa

Inawezekana, lakini usiiweke ubavu mmoja. Iweke mgongoni upande wa nyuma, mbali na antena kadiri ganda linavyoruhusu, na urudie kuhesabu setilaiti kabla ya kubandika kwa kudumu.